Kikundi cha maigizo ya jukwaani, tuna laki 3 tu ya matangazo: Instagram, gari la matangazo, au mashuleni?

Mtunza_Pazia (Temeke, Dar)
Wakuu habari za jioni. Tuna kikundi kidogo cha maigizo ya jukwaani huku Temeke, ukumbi tunakodi, viti 120 ukibana, tunaonyesha Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa 2 usiku, kiingilio buku tano. Igizo liko poa, watu wanatoka wanacheka na wanauliza lini tena, ila wanaokuja ni ndugu zetu na majirani wa ndugu zetu, basi. Mfuko wa kikundi umebakiwa na laki 3 ya matangazo na tumegawanyika vibaya mno, vijana wanataka yote tukabusti Instagram (tulipie tangazo lisambae), wakubwa wanataka gari la matangazo na mabango, kuna mwalimu mmoja tunaye yeye anasema achaneni na hayo twendeni mashuleni. Mliowahi kujaza ukumbi kwa hela ya kuungaunga, kipi kinaleta mtu ANAYELIPA?

Dogo_Sinza
Instagram mkuu, wala usijiulize. Ila msibusti Tanzania nzima kama wanavyofanya wengi, mtu wa Bukoba akilaiki inakusaidia nini? Chagua eneo, kilomita chache kuzunguka ukumbi, chagua na umri. Chukua kipande cha sekunde 30 pale igizo linapokolea halafu kata kabla mambo hayajaeleweka, weka maandishi juu ya video maana watu wengi wanaangalia kwenye daladala bila sauti, na tarehe na bei na jina la ukumbi viwe ndani ya video yenyewe siyo kule chini kwenye maelezo. Na hela usiimwage mapema, ilipie siku 4 au 5 za mwisho, mtu wa Dar hapangi Jumamosi yake wiki tatu kabla.

Bi_Kihonda (Moro)
Dogo hapo kwenye siku za mwisho nakuunga mkono ila laiki siyo tiketi mwanangu. Sisi huku tunauza kwa saluni, kwa vinyozi na kwa mama lishe wa jirani na ukumbi. Mwenye saluni akiuza 10 anapata 2 za kwake, na ukishampa hizo 2 ndiyo umepata mpiga debe, maana mteja anakaa kwenye kiti masaa matatu anasukwa, watazungumza nini? Sasa sikiliza hili Mtunza_Pazia, tiketi zetu tunachapa kwa rangi, za saluni pinki, za shule kijani, za mitandaoni mtu akilipa kwa lipa namba anapewa nyeupe pale mlangoni. Usiku ule ule tunamwaga vishina vya tiketi mezani tunahesabu. Hakuna haja ya kubishana kwenye kikao, rangi inasema yenyewe.

Mtunza_Pazia
Aisee hiyo ya rangi sijawahi kuisikia, asante sana bi mkubwa. Na gari la matangazo je? Wazee wetu hawasikii wala hawaoni kwa hilo gari.

Mzee_wa_Mipasho
Naomba niwatetee hao wazee kidogo halafu niwaangushe. Miaka ya 90 vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT vilikuwa vinajaza kumbi na baa Dar, nyinyi wengine hamjazaliwa. Lakini watu hawakuwa wanafuata igizo peke yake, ilikuwa ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, taarabu, unakaa na soda yako mpaka usiku mnene. Na vikundi vikipambanishwa ndiyo kabisa, kila mmoja anakwenda kushangilia upande wake. Kwa hiyo gari lilikuwa linatangaza kitu ambacho watu wameshakijua tayari, linakumbusha tu kwamba ni leo. Nyinyi hawajui mnafanya nini, gari linapita, spika inakoroma, likikata kona mtu kashasahau hata jina la ukumbi. Weka juu yake mafuta, dereva, mtangazaji na kibali cha halmashauri, hiyo laki 3 mtaiona? Afadhali hela hiyo mlete kikundi cha ngoma cha watoto wa hapo mtaani kifungue onyesho, kila mtoto atakuja na mama yake.

Dogo_Sinza
😂😂 mama analipa buku tano kumuona mwanae anacheza ngoma, mzee una akili mbaya

Mwalimu_wa_Likoni (Mombasa)
Nijibu la shule kwa sababu kwetu Kenya hilo limekuwa biashara kabisa. Vikundi vinazunguka shule za upili vikiigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, twaviita setibuku, mwalimu anakusanya pesa kwa wanafunzi, nyinyi mwaja na mavazi yenu mwaigiza pale ukumbini mwao au hata uwanjani. Hamkodi ukumbi, hambandiki bango, hadhira yawangojea imekaa. Lakini jueni mwapata nini. Wale wanafunzi hawatakuja Jumamosi usiku Temeke, wengine wako bweni. Ile ni pesa ya kuendesha kikundi, siyo hadhira yenu. Tena kitabu kina mwenyewe, ombeni ruhusa ya mwandishi au mchapishaji kabla hamjaanza mazoezi, na muende muhula wa kwanza au wa pili, mitihani ikikaribia mwalimu mkuu hata simu hashiki.

Mtunza_Pazia
Shukrani sana mwalimu. Hapa kwetu kuna tamthilia za Ngoswe, Orodha, Kilio Chetu, zilisomwa miaka na miaka kidato cha tatu na nne, mtaala umeanza kubadilika kwa hiyo tutauliza kwanza shule ipi inasoma kipi. Suala la hakimiliki tutapita COSOTA.

Nasra_Tanga
Mbona hakuna aliyeuliza hao wanaotoka wakicheka mnawafanyaje?? Mtu kalipa, kafurahi, anaondoka hamna hata namba yake, mwezi ujao mnaanza upya kumtafuta kwa kubusti. Wekeni daftari mlangoni wakati wa KUTOKA siyo kuingia, kuingia kuna foleni na watu wanagombania viti. Jina la kwanza na namba ya WhatsApp, kwa anayetaka tu. Halafu hapo hapo mwambie asevu namba ya kikundi, hili wengi hawalijui, ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi pamoja (inabeba watu 256) haimfikii mtu ambaye hajakusevu, na stetasi yako haioni. Msifungue grupu jamani, kufika Jumatano limeshajaa biashara za sabuni na video za miujiza.

Dogo_Sinza
Sawa dada lakini hao wa kuandika kwenye daftari watatoka wapi kama ukumbi una ndugu tupu? Lazima kitu kilete watu wapya kwanza.

Nasra_Tanga
Hapo umenena. Busti kidogo basi, siyo laki 3 yote.

Kamau_Jukwaani (Nairobi)
Mtu mpya pia anakuja kwa mazoezi. Kule Kamirithu, Limuru, 1977, kwenye igizo la kina Ngũgĩ wa Thiong'o, mazoezi yalifanyiwa wazi na wanakijiji wakawa wanasimamisha waigizaji, hapana, mzee haongei hivyo, mama habebi mzigo hivyo. Siku ya onyesho ilipofika igizo lilikuwa lao tayari, wakajaa hadi serikali ikapiga marufuku mwaka huohuo. Nyinyi hamtaki kupigwa marufuku lakini zoezi moja la wazi mchana, bure, dakika 20 tu halafu mnakatiza, haligharimu kitu.

Mtunza_Pazia
Hii nimeipenda mno. Ila bure siyo inazoesha watu vibaya?

Bi_Kihonda (Moro)
Zoezi bure, onyesho hapana. Tiketi ya bure mtu anaiweka kwenye pochi mvua ikinyesha haji, aliyetoa buku tano yake atakuja na mwamvuli.

Mzee_wa_Mipasho
Mimi nina swali lingine, onyesho linaisha saa ngapi?

Mtunza_Pazia
Saa 4 na kitu, tukichelewa kuanza saa 5.

Mzee_wa_Mipasho
Na anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto anarudi na nini? Bajaji ya usiku ni zaidi ya kiingilio chenu. Huyo hata umbusti vipi haji.

Mtunza_Pazia
Dah. Saa 10 jioni ukumbi una kwaya mpaka saa 11 na nusu. Naongea na mwenye ukumbi kesho tuanze saa 12 kamili. Kwenye hela naona hivi, elfu 80 Instagram siku 4 za mwisho, elfu 60 tiketi za rangi, elfu 50 soda na nauli za watoto wa ngoma, iliyobaki tusiiguse mpaka tuhesabu vishina. Gari hapana, wazee watanuna. Bi Kihonda, tiketi mnachapa au mnatoa fotokopi kwenye karatasi za rangi?

Bi_Kihonda (Moro)
Fotokopi mwanangu, A4 moja inatoa 8. Piga muhuri wa kikundi kila moja, la sivyo wajanja wa stesheneri watawatolea zao.