Hii mitandao mikubwa ya kijamii imetushika pabaya, na bado kuna watu wanaitetea!

Wakuu, nina hasira na sifichi.

Akaunti yangu imefungwa. Sababu: "umekiuka viwango vya jamii". Kiwango kipi, posti ipi, hawasemi. Nikakata rufaa, jibu likarudi hata simu sijaiweka chini: uamuzi haubadiliki. Hakuna namba ya kupiga, hakuna binadamu wa kumuuliza. Picha, magrupu, wateja, ndugu ambao mawasiliano yao yalikuwa humo tu, vyote vimekwenda na maji.

Halafu mtu ananiambia "si uhamie mtandao mwingine?" Nihamie na nani? Watu wangu wote wako kule! Hatubaki kwa sababu huduma ni nzuri, tunabaki kwa sababu ukitoka unatoka peke yako. Na wakubwa hawa mshindani akichipuka wanamnunua. Facebook iliichukua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, ikatangaza kuinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19. Tarehe 4 Oktoba 2021 wakakosea mipangilio kwenye mitambo yao, vyote vitatu vikazimika kwa mpigo, kwa muda wa takriban masaa 6, dunia nzima. Mwenye duka ndani ya Instagram na wateja ndani ya WhatsApp alikimbilia wapi siku hiyo?

Najua mtasema mitandao midogo midogo itatutawanya, kila mtu apu kumi kwenye simu. Nani kasema lazima iwe hivyo? Mwenye Gmail anamwandikia mwenye Yahoo na barua inafika, wala hakuna anayeshangaa. Mastodon, mtandao wa kijamii, inafanya hivyohivyo tangu 2016: seva nyingi (kompyuta zinazouendesha), kila moja na wasimamizi na kanuni zake, na wa seva hii anamfuata wa seva ile. Msimamizi akianza kukuchosha unahama, na wafuasi wako unahama nao. (Posti za zamani ndizo hazihami. Hilo nalo linaniudhi, lirekebishwe.)

Kwa hiyo inawezekana, ila mkubwa hataki mpaka abanwe. Umoja wa Ulaya umeibana WhatsApp kisheria ikubali kupokeana ujumbe na apu nyingine zinazoomba. Sisi wa kwingine tunasubiri nini kudai?

Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa akaunti bila kujuana na mtu ndani, aseme hapa alifanyaje.