Naombeni ushauri: michezo ya Kiingereza kwa watoto wa darasa la 3 huku Japani

Habari zenu wadau, mi ni mwalimu msaidizi wa Kiingereza shule ya msingi huku Saitama. Darasa la 3 na la 4 wana vipindi 35 tu kwa mwaka, yaani kama kimoja kwa wiki, dakika 45, na lengo ni watoto wazoee kusikia na kuongea, kwahiyo michezo ndo kila kitu.

Sasa wanachopenda kuliko vyote ni karuta, tunatandaza kadi za picha mezani, nataja neno, wa kwanza kuipiga kadi kwa kiganja anaichukua. Shida ni walewale wawili watatu wenye mikono myepesi ndo wanazoa zote. Juzi nimetaja "lemon", kuna kabinti nilikaona kabisa macho yameshatua kwenye kadi yenyewe na midomo inatamka taratibu, ila mikono kaiacha mapajani mpaka mwenzie akaruka akapiga "melon". Iliniuma jamani, maana yeye ndo alikuwa amepatia.

Nikajaribu ule wa viti, anayekosa kiti anasimama katikati anataja tunda ili wenye tunda hilo wahame, lakini wapole wakifika katikati wanaganda kabisa na darasa zima linawatazama.

Waliowahi kufundisha watoto wadogo, mnatumia mchezo gani ambao mtoto mpole anaongea bila kushindana mbio? Wako 30 na kitu na nafasi ni finyu. Na je, kwenye karuta niwape wawili wawili kadi moja, au niwaambie warudie neno kwanza ndo waguse?