Kuongoza wageni kwenye maporomoko ya mto: je, kuogelea kunatosha?

Swali: Ndugu zangu, naishi Sagana, naogelea vizuri, na ningependa kuongoza wageni wanaoteremka Mto Tana kwa mashua za mpira. Nianzie wapi?

Jibu: Kuogelea hakutoshi, mdogo wangu. Anayetumbukia kwenye maji ya kasi hulala chali, miguu ikitangulia, wala hajaribu kusimama, kwa maana mguu ukinaswa kati ya mawe, maji humlaza kifudifudi. Anza na kurusha kamba ya uokoaji, hadi mkono uzoee.

Jibu: Naongezea kwamba mto wenyewe hubadilika: huku Jinja, Uganda, kwenye Mto Nile, bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, lilizamisha maporomoko tuliyoyajua kwa majina, tukalazimika kuhamia chini zaidi.

Muulizaji: Nashukuru, kaka. Kamba ninayo, mkono ndio bado.