Emilio Ghione alimuiga tu Feuillade? Mimi nakataa

Wakuu, hoja iliyopo mezani ni kwamba I topi grigi, filamu bubu ya Italia ya mwaka 1918, ni nakala ya kazi za mwongozaji Mfaransa Louis Feuillade. Kwamba filamu yake ya jambazi Fantômas ilitoka 1913, ikafuata Les Vampires yenye sehemu 10, ndipo Emilio Ghione, mwongozaji wa Italia, naye akaja na genge lake la "Panya wa Kijivu" katika sehemu 8. Kwenye tarehe sibishi. Hata shujaa wake, Za la Mort, ni mhuni wa vichochoro vya Paris.

Lakini mtazameni huyo shujaa. Fantômas ni muuaji wa sura mia. Leo daktari, kesho tajiri. Za la Mort ana uso mmoja, na uso huo ndio unaoibeba filamu. Ghione aliongoza na kuigiza mwenyewe, akijua vizuri alichojaliwa: mashavu yaliyobonyea, mifupa iliyochomoza, macho yaliyozama ndani. Kamera ikimsogelea hatupi mikono hewani wala haangukii mapazia, kama walivyozoea mastaa wengi wa Italia enzi zile. Anakaza taya, anatazama. Basi. Nawe umeshajua kuna mtu atalipa.

Halafu kuna mandhari. Wapo wanaomcheka kwamba Paris yake ni viunga vya Roma. Mimi hapo ndipo ninapompendea! Miaka minne tu nyuma, Cabiria, filamu nyingine ya Italia, ilikuwa imeushangaza ulimwengu kwa mahekalu ya kujengwa. Ghione akatoka nje, akawakimbiza majambazi wake kwenye mashamba na barabara za kweli, kwenye mwanga wa jua. Vumbi lile si la studio.

Udhaifu upo, na siufichi. Visa vyake vimeungwaungwa. Za la Mort mara jambazi, mara mtetezi wa wanyonge. Hufa kwenye filamu moja, nyingine ikaanza yuko hai. Anayependa hadithi iliyonyooka atachoka mapema.

Ila kumwita mwigaji mtu aliyeubeba mfululizo mzima kwa uso wake, kisha akafa fukara mwaka 1930, ni kumdhulumu mara ya pili, na inaniuma. Anayeshikilia kuwa ni nakala anitajie: ni wapi Feuillade alimpa jambazi wake muda wa kutuangalia namna ile?