Wakuu, "glean" kwa Kiswahili tunaiwekaje? Mteja kanirudishia kazi

Mwandika Usiku: Wakuu, habari za jioni. Natafsiri ripoti ya kilimo, kurasa 40, na neno "glean" limenikwama kooni. Pa kwanza ni wanawake wanaoingia shambani baada ya mavuno. Pa pili watafiti nao eti "wali-glean" taarifa kwa wakulima. Kote nimeweka "kukusanya". Mteja kapiga mstari mwekundu, kaandika "sivyo", basi, hajaeleza kitu. Kesho saa nne asubuhi anataka kazi yake. Nisaidieni.

Babu wa Majaruba: Kukusanya ni kwa mwenye shamba, mkuu. Hilo neno ni la asiye na shamba. Kwetu mpunga ukishavunwa, marehemu bibi alikuwa anaingia na kikapu, anainama suke kwa suke, mengine yamekanyagwa kwenye tope anayafutia kwenye khanga. Jioni anarudi na vibaba viwili. Hakuna aliyemwita mwizi.

Mama Mchungaji: Mwanangu, fungua Ruthu sura ya 2. Ruthu anamwomba Naomi aende kondeni akaokote masazo ya masuke. Na Walawi 19:9-10 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, maana masazo ni ya maskini na mgeni. Andika "kuokota masazo".

Mwandika Usiku: Ahsante mama. Ila "watafiti waliokota masazo ya taarifa" si watanicheka?

Kalamu Kavu: Watakucheka, tena sana. Sikia, Waingereza walilitoa neno hilo kwa Wafaransa wa kale, "glener". Mpaka leo Mfaransa anasema "glaner", na Millet, mchoraji wa Kifaransa, mwaka 1857 alichora wanawake watatu wameinama hivyo hivyo kama bibi yake Babu hapo juu. Picha iko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Uingereza nako maskini waliokota miaka na miaka, hadi mwaka 1788, kesi ya Steel na Houghton, mahakama ikasema hiyo si haki yao kisheria. Roho mbaya tu.

Kuokota habari chembe chembe ni maana iliyozaliwa kutokana na ile ya shambani. Sasa Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo! Mchele ukimwagika sakafuni unaudondoa punje kwa punje. Mhariri naye anadondoa aya, na magazeti yamejaa "dondoo". Kudondoa, mkuu. Linakaa kote kuwili.

Mzee wa Kijiko: Na sisi tunaodondoa nyama sufuriani kabla wageni hawajafika?

Kalamu Kavu: Huko ni kudokoa. Kesi nyingine hiyo.

Babu wa Majaruba: Naunga mkono, ila kwa wale wanawake usiliache peke yake. Taja masuke, la sivyo msomaji wa mjini atadhani wanachambua mchele.

Mwandika Usiku: Nimeweka "hudondoa masuke yaliyosalia baada ya mavuno", na kule "taarifa walizodondoa katika mazungumzo na wakulima". Natuma sasa hivi. Mama, "masazo" nimeyahifadhi, ukurasa wa 31 yanahitajika.