Naomba ushauri: sala za kila siku nyumbani na kuwakumbuka watakatifu, nyie mnafanyaje?

Mama K
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naombeni mawazo yenu. Tunakaa Mbagala, mimi natoka home saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, mzee anafanya shifti, wiki hii mchana wiki ijayo usiku, kwahiyo kukutana wote ni jioni na siyo kila jioni. Jumuiya tunaenda, misa ya Jumapili ipo, rozari ya mwezi wa tano na wa kumi tunazunguka na majirani kama kawaida. Ila natamani humu ndani kuwe na sala ya kila siku inayofuata mwaka wa Kanisa, siyo kila mtu anajisalia chake akiwa kitandani alafu basi. Na kingine ni watoto, masomo wao (watakatifu wa majina yao) ni Karoli Lwanga, Bakhita na Theresia wa Mtoto Yesu. Juzi mkubwa kaniuliza huyo Karoli walimuua kwanini na alikuwa na miaka mingapi, nataka waijue hii kitu vizuri wakiwa bado wadogo. Nianzie wapi?

Katekista Mstaafu
Milele amina mama. Anza na Malaika wa Bwana, ile sala fupi ya kumkumbuka Maria alivyopashwa habari. Ni dakika mbili tatu tu na ina saa zake, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Uzuri wake kwenu ni huu, baba akiwa kazini anaisali hukohuko kimoyomoyo, wewe kwenye daladala, watoto nyumbani, mnakuwa mmesali pamoja japo kila mmoja yuko kivyake. Kipindi cha Pasaka mpaka Pentekoste mnaiacha mnasali Malkia wa Mbingu, na hapo watoto wenyewe wataona kipindi kimebadilika.
Jioni mkipatana, chukueni kipande cha Masifu ya Jioni, sala rasmi ya Kanisa ya jioni. Usiogope lile kitabu na zile kamba za rangi. Zaburi zake zimegawanywa kwa majuma manne alafu zinarudi, lakini kwa familia zaburi moja inatosha, mnaongeza Wimbo wa Maria (Luka 1), Baba Yetu, na ile sala ya mtakatifu wa siku. Kulala, Wimbo wa Simeoni, "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako", mtoto wa miaka sita anaushika ndani ya wiki.

Dada wa Alto
Mama K kuhusu Karoli mwambie hivi. Alikuwa kiongozi wa vijana waliotumika ikulu kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda huko Uganda, kijana wa miaka ishirini na kitu. Kabaka alikuwa anawataka wale vijana kwa mambo machafu, Karoli akawa anawakinga, na Kabaka hakupenda kuona wanamtii Mungu kuliko yeye. Mei 1886, usiku wa kuamkia hukumu wakiwa Munyonyo, Karoli akawabatiza wenzake waliokuwa bado wanajifunza dini, mmoja ni Kizito ambaye inakadiriwa alikuwa na miaka 14. Yaani padre hayupo, kesho wanahukumiwa, yeye anabatiza. Wakapelekwa Namugongo wakachomwa tarehe 3 Juni, mwaka huo ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Karoli walimchoma peke yake kwa moto wa taratibu kuanzia miguuni. Mi kila nikiisoma hii nakaa kimya kwanza. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu 1964, wote 22.
Hiyo ndo sababu padre anavaa nyekundu siku hiyo, rangi ya damu ya mashahidi, muonyeshe mtoto kanisani.

Mwanglikana wa Muheza
Naomba niongezee dada, pale Namugongo walikufa na Waanglikana pia, na sisi tarehe 3 Juni tunawakumbuka. Tuna Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni kwenye kitabu chetu cha sala, na kalenda yetu ina Waafrika wengine ambao watoto wengi hawawajui, mfano Bernard Mizeki tarehe 18 Juni, mzaliwa wa Msumbiji akabatizwa Cape Town akauawa 1896 huko inapoitwa Zimbabwe sasa hivi. Na Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliuawa Februari 1977 enzi za Amin. Nyumbani kwangu tunasoma jina, tunasema sentensi moja ya maisha yake, tunasali. Ukileta historia ndefu watoto wanasinzia.

Mtumishi Mbeya
Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mlokole nauliza kwa heshima kabisa sibishani, kwanini mwenye Yesu ahangaike na majina ya waliokufa?

Mlutheri Moshi
Mtumishi swali zuri. Sisi hatuwaombi watakatifu watuombee, lakini Ungamo la Augsburg la 1530 kifungu cha 21 linasema tuwakumbuke ili tuige imani yao na matendo yao mema. Waebrania 12 nayo inasema tumezungukwa na wingu kubwa la mashahidi. Mtoto akijua kuna kijana wa hapa jirani Uganda alikataa dhambi mpaka kufa, hata shuleni anapata nguvu.

Mama K
Jamani asanteni sana, Mungu awabariki, mpaka mzee nimemsomea. Swali dogo, somo wake ni Mt. Yosefu, tarehe 19 mwezi wa tatu karibu kila mwaka inaangukia Kwaresima. Tunasherehekea au tunafunga?

Katekista Mstaafu
Mnasherehekea mama! Hiyo ni sherehe kamili, wimbo wa Utukufu unaimbwa na mavazi ni meupe hata katikati ya Kwaresima. Ikigongana na Jumapili ndo inasogezwa, kama 2023 ilikuja Jumatatu tarehe 20. Ila kumbukumbu ndogo kama Perpetua na Felisita tarehe 7 Machi, wale mashahidi wa Karthago wa mwaka 203, wakati wa Kwaresima wanatajwa tu kwenye sala, mavazi ya zambarau ya Kwaresima yanabaki palepale. Tafuta kalenda ya liturujia parokiani au duka la vitabu la Masista Wapaulini, uibandike jikoni. Ununue mapema, mwaka wa Kanisa unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kuelekea Krismasi, usisubiri Januari.

Mama K
Nimekuelewa baba. Kuna mwenye maisha ya Bakhita kwa Kiswahili chepesi? Nataka kumuandaa binti kabla ya tarehe 8 Februari.

Dada wa Alto
Ninayo kwenye simu. Alitekwa Darfur, Sudan, akiwa mtoto akauzwa mara kadhaa, akaishia kuwa sista Italia, Schio, mpishi na mlinda mlango, watoto wa pale walimpenda. Alifariki tarehe hiyohiyo, 1947. Nakutumia PM.