Kishona nguo kama dawa: tupeane uzoefu

Mvua ya Machi ikishanyesha, hakuna kishamba Kangemi wala Dagoretti hapa Nairobi kisicho na gugu la kishona nguo, mucege kwa Wakikuyu. Wengi wanaking'oa na kukitupa. Anayekijua kama dawa aeleze: sehemu gani, kiasi gani, kinaharibikia wapi. Habari za "kinatibu magonjwa yote" tuzipeleke stejini.

Wa Dagoretti: Chuma ncha changa, kabla ya maua. Kikishatoa maua meupe yenye moyo wa manjano, majani hukakamaa na uchungu unazidi. Tazama jani: aghalabu limegawika mara tatu, kingo zina meno, na shina lina pembe nne.

Wa Kangemi: Kwa mkato mdogo wa kisu, osha jeraha kwa maji na sabuni kwanza. Osha majani kama kumi, yafikiche mpaka yatoe maji ya kijani, yakamulie juu, kisha funga kwa kitambaa safi. Hatari ni udongo, maana pepopunda hukaa humo. Jeraha la msumari au la kina ni la hospitali, hata damu ikikatika.

Wa Kawangware: Kukausha ndiko kunakowashinda watu. Tandaza majani kwenye ungo, safu moja tu, kivulini penye upepo, uyageuze kila siku. Yako tayari yakivunjika ukiyabana kwa vidole. Ukirundika, hasa kwenye baridi ya Julai, katikati hupata joto, yanageuka meusi na kunuka uvundo. Hayo ni ya kutupa, si ya kuchemsha. Chai ya majani yaliyokauka vizuri ni rahisi: kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, maji yaliyochemka, funika dakika kumi.

Wa Umoja: Mnachuma wapi lakini? Mmea huu hufyonza kadimiamu, metali yenye sumu, udongoni na kuipandisha hadi kwenye majani, na kuchemsha hakuiondoi. Kando ya barabara kuu, ukingo wa Mto Nairobi, karibu na jaa la Dandora: usiguse, hata kiwe kimenawiri vipi.

Wa Dagoretti: Kweli kabisa. Na anayemeza dawa za kisukari amwambie daktari kwanza, sukari isije ikashuka kupita kiasi. Mjamzito aache.

Wa Kangemi: Mkibakiza vichache vya dawa, ving'oeni kabla mbegu hazijawa nyeusi. Shina moja hutoa maelfu.